Wajibu wa Askari Aliyesimama Karibu

Mafundisho ya Amri ya Tano, kama tulivyozoea kuyatoa katika madarasa ya Kipaimara, humtazama zaidi mtendaji: aliyepiga, aliyejeruhi, aliyeua. Huyo ndiye tunayemwuliza habari za dhambi yake. Aliyesimama karibu bila kunyosha mkono, mara nyingi tunamwacha aende zake. Luther hakumwacha. Katika maelezo ya amri hii ndani ya Katekisimo Kubwa anamhesabu kuwa mvunjaji wa amri hata mtu ambaye, akiwa na uwezo wa kumwepusha jirani na madhara, hakuutumia. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza fundisho hilo mahali ambapo utekelezaji wake ni mgumu sana, yaani ndani ya kikosi cha polisi, pale askari anapomwona askari mwenziwe akivuka mpaka wa sheria. Tumechagua kueleza mambo yaliyotokea Marekani, kwa sababu huko shauri hili limepita mikononi mwa mahakama, likapimwa kwa ushahidi wa picha na sauti, hata twaweza kuona ni nini hasa kinachodaiwa kwa mtu aliyekuwa karibu.

Jioni ya tarehe 25 Mei 2020, katika jiji la Minneapolis, askari wawili waliitwa dukani kwa tuhuma kwamba mteja mmoja ametoa noti bandia ya dola 20. Askari hao walikuwa Thomas Lane na J. Alexander Kueng. Wote wawili walikuwa wapya kabisa. Muda wao wa majaribio ulikuwa umekwisha siku chache tu kabla ya hapo. Walimkamata George Floyd, mwenye umri wa miaka 46, wakamfunga pingu. Alipokataa kuingia garini, askari wawili wengine walikuwa wamekwisha kufika kuwasaidia: Derek Chauvin, aliyekuwa na miaka 19 kazini, na Tou Thao. Chauvin ndiye aliyekuwa mkufunzi wa Kueng wakati wa majaribio. Kwa hiyo, ingawa shauri lilikuwa la wale vijana wawili, mara mkubwa alipofika likawa lake.

Floyd alilazwa kifudifudi juu ya lami. Chauvin aliweka goti lake shingoni mwake kwa muda wa dakika 9 na sekunde 29. Kueng alimkandamiza mgongoni, Lane alimshika miguu, Thao alisimama akiwazuia watu waliokusanyika kando ya barabara. Floyd alisema zaidi ya mara 20 kwamba hawezi kupumua. Lane aliuliza kama wamgeuze alale ubavu, Chauvin alikataa. Baadaye aliuliza tena, na jibu halikubadilika. Kueng alitafuta mapigo ya mshipa mkononi mwa Floyd akasema hayaoni. Goti likabaki mahali pake kwa muda wa kama dakika mbili zaidi. Miongoni mwa waliosimama kando alikuwamo mwanamke wa kikosi cha zimamoto, asiyekuwa zamu siku hiyo, ambaye aliomba aruhusiwe kumpima mgonjwa, Thao alimkatalia. Binti wa miaka 17 alipiga picha kwa simu yake, na kwa picha hizo ulimwengu ulijua.

Yatupasa tuseme jambo moja ambalo wengi hawakulisikia. Jeshi la Polisi la Minneapolis lilikuwa limekwisha kuandika wajibu huu katika kanuni zake tangu mwaka 2016. Kanuni ilimtaka kila askari aliyepo mahali nguvu inapotumika amzuie, au ajaribu kumzuia, askari mwenzake anayetumia nguvu isiyofaa au isiyohitajika tena. Maneno ya mwisho yana uzito. Nguvu iliyokuwa halali dakika ya kwanza, mtu alipokuwa akipigana, yaweza kuwa haramu dakika ya nne akiwa ametulia, na dakika ya saba ikawa mauaji. Wajibu wa mwenzake hauanzi na nia mbaya ya mtendaji. Unaanza pale haja inapokwisha na mkono haujaondolewa.

Wala kanuni hiyo haikuwa jambo jipya katika sheria za nchi ile. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya serikali kuu iliyoko Chicago iliamua kwamba askari aliyepo, akawaacha wenziwe wampige mtu, aweza kudaiwa mahakamani kama wao. Mlalamikaji alikuwa mtu aliyepigwa, lakini hakuweza kutaja ni mkono upi uliomwangukia. Mwaka 1994 mahakama hiyo hiyo ililifafanua jambo hilo zaidi. Askari wawili walikuwa wamefika kwenye duka lililovunjwa. Mmoja akaiba nguo, na mwenye duka alipoling'ang'ania gari lao, mwizi yule aliendesha kwa kasi huku amening'inia. Mwenzake aliketi kando yake, kimya. Mahakama ilisema kwamba huyu wa pili alikuwa na nafasi ya kutenda: angeweza kuita askari wengine, kuita msaada, au hata kumwonya tu mwenzake aache. Tunapenda ufafanuzi huo kwa sababu haudai ushujaa wa kupita kiasi. Unauliza kama nafasi ilikuwapo, na kama mtu aliitumia.

Katika ngazi ya mataifa, Kanuni za Maadili ya Maofisa wa Usalama zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 1979 zinawataka maofisa hao, katika kifungu cha 8, wazuie na kupinga kwa bidii uvunjaji wa kanuni hizo, na wautolee taarifa. Jirani zetu wa Kenya, katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, wameandika kwamba kutii amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu isivyo halali. Kwa hiyo mchungaji asiyachukue mambo haya kuwa habari za mbali.

Sasa turudi Minneapolis, maana hapo pana somo ambalo vitabu vya maadili mara nyingi hulipita haraka. Wale watatu hawakukosa kosa moja. Kueng alijua, akalisema alilolijua, lakini hakuondoka mgongoni. Thao alisimama mbali kidogo. Katika ushahidi wake mahakamani alijifananisha na alama ya kuzuia magari barabarani, iliyovikwa umbo la mtu. Lane aliuliza. Waendesha mashtaka wa serikali kuu waliitambua tofauti hiyo: Thao na Kueng walishtakiwa kwa kutomzuia Chauvin na kwa kutompa Floyd huduma ya tiba, lakini Lane alishtakiwa kwa hilo la pili peke yake. Mwezi Februari 2022 raia 12 walioapishwa kuamua kesi hiyo waliwaona wote watatu na hatia. Lane alipewa kifungo cha miaka miwili na nusu, Kueng miaka mitatu, Thao miaka mitatu na nusu. Baadaye wote watatu walihukumiwa pia katika mahakama ya jimbo. Chauvin alikuwa amekwisha kuhukumiwa na mahakama ya jimbo, mwezi Juni 2021, kifungo cha miaka 22 na nusu.

Tulitafakari sana habari ya Lane. Alikuwa na siku nne kazini, akamwuliza mtu mwenye miaka 19. Katika desturi zetu wenyewe, ambako mdogo hamwambii mkubwa kwamba amekosea, swali la namna ile ni jambo kubwa. Wengi wetu tusingefika hata hapo. Hata hivyo swali humwachia mwulizwaji uamuzi wote. Akijibu hapana, mwulizaji amemaliza maneno yake.

Watu wa ndege walilijifunza jambo hili kwa gharama ya kutisha. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, rubani mkuu wa ndege ya Uholanzi alianza kuruka katikati ya ukungu kabla ya kuruhusiwa. Mhandisi aliyekuwa naye chumbani aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka njiani. Rubani, mtu mwenye sifa kubwa katika shirika lake, alijibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakusema tena. Watu 583 walikufa. Tangu ajali hiyo na nyingine za namna yake, wasaidizi wa marubani hufundishwa kwamba swali lisipopokewa, lifuatwe na tamko. Na tamko lisipopokewa, mkono uingie. Nao marubani wakuu hufundishwa kwamba kuzuiwa na mdogo si kuvunjiwa heshima.

Mtu asidhani kwamba ukimya wa askari hutoka kwa woga peke yake. Askari huishi kwa kutegemeana. Leo huyu amemzuia mtu mwenye panga asikufikie. Kesho utamshika mkono mbele ya umati? Wadhifa, deni la kuokolewa, hofu ya kuitwa msaliti, na wazo kwamba labda mkubwa ameona jambo ambalo mimi sijaliona, vyote hukusanyika katika sekunde chache. Isitoshe, anayeingilia kati hajui kwamba atashinda.

Cariol Horne hakushinda, kwa muda mrefu. Alikuwa askari katika jiji la Buffalo, jimbo la New York. Mwezi Novemba 2006 alimwona mwenzake akimkaba shingo mtu aliyekwisha kufungwa pingu, akamshika mwenzake huyo mkono ili amwachie. Mwaka 2008 alifukuzwa kazi yeye, baada ya miaka 19 ya utumishi, akiwa amepungukiwa mwaka mmoja kuipata pensheni yake. Mwenzake yule alikuja kufungwa gerezani mwaka 2018 kwa kuwatendea vijana ukatili katika tukio jingine la mwaka 2009. Mwaka 2020 baraza la jiji la Buffalo lilipitisha sheria yenye jina la Horne, inayowataka askari wazuiane na inayowalinda wanaozuia. Na mwezi Aprili 2021 hakimu alitengua uamuzi wa kumfukuza, akamrudishia haki yake ya pensheni. Ilichukua zaidi ya miaka 12. Mhubiri anayewahimiza askari vijana wa usharika wake watimize wajibu huu, na aihesabu kwanza gharama hiyo, maana si yeye atakayeilipa.

Maandiko nayo yanayo habari za askari waliosimama karibu. Katika 1 Samweli 22 mfalme Sauli anawaamuru askari wake wawaue makuhani wa Nobu. Askari wanakataa kunyosha mikono yao. Tumezoea kuwasifu kwa utii wao kwa Mungu, nao wanastahili sifa. Lakini msomaji aendelee na mstari unaofuata: mfalme anamgeukia Doegi Mwedomi, naye anawaua watu 85 siku ile ile, kisha anaupiga mji wenyewe, wanaume kwa wanawake, hata watoto wachanga. Mwandishi hatuambii kwamba wale askari walimzuia Doegi, wala kwamba mmoja wao alitangulia kwenda Nobu kutoa habari. Aliyeokoka ni Abiathari, naye alikimbia mwenyewe. Mikono ya walinzi ilibaki bila damu, na mji ukaangamia.

Hapa ndipo tunapoona upungufu katika mafundisho yetu ya kawaida juu ya dhamiri. Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1526 kinachojibu swali kama askari nao waweza kuokolewa, alichomwandikia Assa von Kram, anafundisha kwamba askari aliyejua kwa hakika kwamba bwana wake anapigana vita vya dhuluma asimfuate, kwa kuwa imempasa kumcha Mungu kuliko mwanadamu. Fundisho hilo ni kubwa, lakini latufikisha Nobu tu, mahali pa kukataa. Tukitaka kwenda mbele zaidi hatuna budi kushika wazo jingine la kijitabu kile kile: Luther anatofautisha kazi na mtu aliyeishika. Kazi ya upanga ni njema na imewekwa na Mungu kwa ulinzi wa wanyonge; mtu aliyeishika aweza kuiharibu. Ikiwa ndivyo, askari anayemzuia mwenzake hauhujumu utumishi wake, anautimiza. Wajibu wa kumlinda raia asiumizwe haupungui kwa sababu anayemwumiza amevaa sare. Kiapo ni cha kazi, wala mwenzake hakuapiwa.

Je, jambo hili laweza kufundishwa? Wengine watasema kwamba ujasiri ni karama, mtu anao au hana. Sisi hatukubali. Mtaalamu mmoja wa saikolojia, Ervin Staub, aliyeokoka akiwa mtoto Myahudi katika jiji la Budapest mwaka 1944, ametumia maisha yake kuchunguza kwa nini watu wanaoona uovu huingilia kati au hunyamaza. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 alifanya kazi Rwanda pia, na uchunguzi wake ulisaidia kutunga mchezo wa redio uliosikilizwa na Wanyarwanda wengi. Baada ya askari wa Los Angeles kumpiga Rodney King mwezi Machi 1991, huku wenzao wengi wakitazama, aliombwa kushauri juu ya mafunzo ya polisi katika jimbo la California. Mafunzo kamili yalianza New Orleans mwaka 2016, katika jeshi lililokuwa na aibu kubwa: mwezi Septemba 2005, baada ya tufani ya Katrina, askari wake waliwapiga risasi raia wasio na silaha juu ya daraja la Danziger, wawili wakafa, kisha wenzao wakasaidia kuuficha ukweli. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Georgetown kilianza kuyaeneza mafunzo ya namna hiyo kwa majeshi mengine.

Msingi wa mafunzo hayo ni mwepisi kueleza. Askari huzoezwa kuingilia mapema, wakati hasira inapoanza kupanda katika sauti ya mwenzake, kabla goti halijafika shingoni; maana neno dogo la dakika ya kwanza lina nguvu kuliko mkono wa dakika ya nane. Huzoezwa maneno yenyewe kwa kuigiza, kama wanavyozoezwa kulenga shabaha. Na wakubwa hukubali mbele ya wadogo kwamba watakubali kuzuiwa. Hili la mwisho twaliona kuwa kubwa kuliko yote, kwa sababu mdogo hawezi kujipa ruhusa hiyo mwenyewe. Kanuni iliyoandikwa bila mazoezi haitoshi: jeshi la Memphis lilikuwa limeuandika wajibu huu mwaka 2020, na mwezi Januari 2023 askari wake kadhaa walimpiga Tyre Nichols, akafa siku tatu baadaye.

Kwa mchungaji, mahali pa kazi hii ni maungamo. Katekisimo Ndogo humwelekeza mwenye kuungama aitazame hali yake na wito wake kwa mwanga wa Amri Kumi: kama ni baba, mama, mtumishi. Askari na aulizwe kama askari. Asiulizwe tu kama amempiga mtu au amepokea rushwa, yale ambayo Yohana Mbatizaji aliwaonya askari katika Luka 3. Aulizwe pia alikuwa wapi mwenziwe alipopiga. Na mchungaji atakayeuliza hivyo awe tayari kuulizwa mwenyewe juu ya kulindana kwa watumishi wa Kanisa, ambako nako kunajulikana.

Tou Thao alipofikishwa mbele ya hakimu wa jimbo mwezi Agosti 2023 ili ahukumiwe, alisema kwa muda mrefu juu ya imani aliyoipata akiwa kifungoni, akitaja Maandiko, na akashikilia kwamba hakutenda kosa. Hakimu alimjibu kwamba alitarajia kusikia majuto zaidi na mahubiri machache zaidi, kisha akampa kifungo cha miaka minne na miezi tisa. Hatutaki kumhukumu mtu tusiyemjua. Lakini twaona kwamba Paulo, alipoisimulia habari yake mwenyewe katika Matendo 22, hakujificha nyuma ya ukweli kwamba yeye hakurusha jiwe: anataja katika mstari wa 20 kwamba alisimama karibu damu ya Stefano ilipomwagwa, akakubali, akazitunza nguo za waliomwua.

Mistari mitano mbele, Paulo huyo huyo amefungwa kwa kamba, yu tayari kupigwa mijeledi bila kuhukumiwa. Karibu naye yupo akida, mdogo chini ya jemadari aliyetoa amri. Paulo anamwuliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa. Akida haendelei na amri, wala hanyamazi; anakwenda kwa jemadari wake na kumwonya aangalie analotaka kutenda. Jemadari anakuja mwenyewe kuuliza, na wale waliokuwa karibu kumpiga wanaondoka mara. Luka anaongeza kwamba jemadari aliogopa alipojua, kwa sababu alikuwa amekwisha kumfunga.